Namna ya Kurekodi Makaburi ya Kale ya Mawe Bila Kuyaharibu

Kuanzia pwani ya Somalia hadi Tanzania kumesimama makaburi yaliyojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Mengine ni kuta nne tu zilizozunguka mchanga. Mengine yana nguzo inayochomoza juu ya ukuta, na katika nguzo au kuta hizo mafundi walipachika mabakuli ya kaure yaliyovuka bahari kutoka China. Kunduchi, Kaole na Tongoni upande wa Tanzania, Mnarani, Gedi, Malindi, Mambrui na Takwa upande wa Kenya, ni baadhi tu ya mahali yanapoonekana. Machache yana mlinzi. Yaliyobaki yanaliwa na chumvi, mizizi, mvua za masika na saruji ya watu wenye nia njema.

Mwongozo huu ni wa kikundi kidogo cha walimu, wanafunzi, kamati ya msikiti au vijana wa mtaa kinachotaka kuacha rekodi sahihi ya makaburi ya aina hiyo. Haufundishi kuchimba wala kukarabati. Kazi hizo zina kibali chake na mafundi wake, na rekodi hutangulia zote mbili, kwa sababu jembe au mwiko ukishapita hakuna awezaye kuthibitisha kilichokuwepo. Fuata hatua kwa mpangilio uliowekwa. Hatua isiyokamilika ikusimamishe. Usiiruke ukitumaini kuirudia.

Maneno yatakayotumika

Uwanja: eneo lote la makaburi, pamoja na msikiti au magofu yaliyomo.
Kaburi: jengo moja la maziko lenye kuta zake, au tuta moja la udongo, liwe na jiwe au lisiwe nalo.
Nguzo: sehemu inayosimama juu zaidi ya ukuta wa kaburi, iwe ya duara, ya mraba au ya pembe nyingi.
Kitundu: shimo lililotengenezwa ukutani au kwenye nguzo ili kupachika bakuli au sahani.
Kituo: alama ya muda iliyowekwa ardhini ili kupimia kutoka hapo.
Mshazari: umbali kutoka pembe moja ya kaburi hadi pembe inayoikabili.
Fomu: karatasi moja ya kaburi moja. Makaburi mawili hayaandikwi kwenye fomu moja hata yakiwa yamegusana.

Vifaa

Futikamba 2, moja ya mita 30 na moja ya mita 5. Dira. Timazi yenye uzi wa mita 3. Vigingi vya mbao 3 na nyundo ya mpira. Kamba yenye rangi kali, mita 50. Fito 2 zilizopakwa rangi nyeusi na nyeupe kwa kupokezana kila sentimita 10, moja ya mita 1 na moja ya sentimita 50. Ubao mdogo na chaki kwa ajili ya namba. Penseli 6 aina ya HB (kalamu ya wino haitumiki, maana tone moja la jasho hulifuta neno). Karatasi ya miraba. Bikari ya kuchorea. Tochi yenye mwanga mkali na kioo cha mkononi. Mkasi wa bustani. Kamera au simu yenye kumbukumbu ya kutosha. Kikokotoo.

Watu wasipungue 3: mpimaji, mwandishi na mpiga picha. Mpimaji husoma kipimo kwa sauti, mwandishi hukirudia kwa sauti huku akiandika, mpimaji hujibu "sawa". Utaratibu huu unachosha na huchekwa na wapita njia. Usiuache.

Hatua ya 1. Omba ruhusa tatu

Ruhusa ya kwanza ni ya mamlaka ya mambo ya kale. Tanzania Bara, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda majengo yaliyojengwa kabla ya 1886 na vitu vinavyohamishika vilivyotengenezwa kabla ya 1863. Karibu kila kaburi linalohusika na mwongozo huu linaingia humo, hata kama hakuna kibao. Kenya, sheria inayotumika ni ile ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006, na kwa vitu vinavyohamishika mwaka wa mpaka ni 1895. Zanzibar ina mamlaka yake yenyewe. Andika barua yenye mambo manne: mahali, tarehe, majina ya wahusika, na sentensi isemayo wazi kwamba hamtachimba, hamtaondoa kitu na hamtapaka kitu.

Ruhusa ya pili ni ya serikali ya mtaa au kijiji, au chifu kwa Kenya. Ya tatu ni ya watu wa mahali: imamu, wazee, na ukoo unaolitambua kaburi kuwa la kwao. Barua ya wizara haifungui mlango huu wa tatu. Kaburi lenye umri wa miaka 300 linaweza kuwa limezuriwa Alhamisi iliyopita, na aliyelizuru ana haki ya kuulizwa. Uliza mambo matatu na uandike majibu: wapi viatu vinavuliwa, kaburi gani halipigwi picha, na siku gani uwanja hauingiwi.

Ukaguzi: una karatasi mbili zilizogongwa mhuri, na jina la mzee mmoja aliyekubali kuwa mwenyeji wenu. Kimoja kikikosekana, simama.

Hatua ya 2. Soma kilichokwisha kurekodiwa

Mwanaakiolojia James Kirkman alichimba Gedi kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940. Mwaka 1966 Peter Garlake alitoa kitabu cha majengo ya kale ya Kiislamu ya pwani hii, chenye ramani zilizopimwa. Mwaka 1973 G. S. P. Freeman-Grenville na B. G. Martin walichapisha orodha ya maandishi ya Kiarabu ya pwani ya Afrika Mashariki. Tafuta kupitia makumbusho au maktaba ya chuo kikuu kama uwanja wako umo katika kazi hizo, na utoe nakala ya kurasa husika.

Nakala hizo ziache nyumbani hadi hatua ya 15. Mtu anayekwenda na jibu mfukoni hupima hadi alipate.

Hatua ya 3. Kagua hatari

Zunguka uwanja mara moja bila kifaa chochote. Tafuta nyuki ndani ya nguzo, nyoka kwenye kuta zilizobomoka, visima vya zamani visivyofunikwa, na nguzo zilizoinama au zenye ufa unaozunguka. Kwa kila nguzo ya namna hiyo, zungushia kamba ya rangi kwa umbali usiopungua kimo cha nguzo yenyewe, na usiingie ndani ya kamba kwa sababu yoyote. Vipimo vitakavyokosekana viandikwe "HAKIKUPIMWA: HATARI". Nafasi tupu kwenye fomu haina maana moja, kwa hiyo haikubaliki.

Hatua ya 4. Piga picha za hali iliyokutwa

Fanya hivi kabla ya kukata jani hata moja. Piga picha 8 za uwanja mzima, moja kutoka kila upande mkuu na kila pembe, kisha picha 1 ya kila kaburi lisilokatazwa kupigwa picha, kama lilivyo, na majani yake, na takataka zake. Kama juu ya kaburi kuna chetezo cha ubani, chupa ya marashi, kitambaa, sarafu au kokoto, piga picha na uache kila kitu mahali pake. Vitu hivyo ni sehemu ya historia ya kaburi. Huko Songo Mnara, Tanzania, wanaakiolojia Jeffrey Fleisher na Stephanie Wynne-Jones walizichukulia kokoto na sarafu zilizoachwa makaburini kuwa ushahidi wa jinsi walio hai walivyoendelea kuwatunza wafu wao. Zingefagiliwa siku ya kwanza ya usafi, ushahidi huo usingekuwepo.

Hatua ya 5. Kata majani, using'oe

Tumia mkasi. Kata nyasi hadi zibaki sentimita 5 kutoka ardhini, na ukate tu zile zinazoziba ukuta. Panga lisitumike ndani ya sentimita 50 kutoka kwenye jiwe. Usichome moto, maana matumbawe na chokaa huharibika kwa joto. Usivute mzizi uliopenya ukutani: mara nyingi mzizi wenyewe ndio unaoshikilia mawe yaliyolegea, na ukitoka hutoka nao ukuta. Usioshe kuvu wala ukungu mweusi kwa maji, sabuni au brashi ya waya.

Ukaguzi: zunguka tena. Ukiona kipande cha lipu au kigae kilichodondoka leo, kiache kilipoangukia, kipige picha, na uandike saa.

Hatua ya 6. Weka vituo vitatu

Chagua mahali patupu patatu ambapo makaburi mengi yanaonekana, na pasiwe juu ya kaburi. Kwa sababu makaburi yasiyo na jiwe hayaonekani kwa urahisi, muulize mzee mwenyeji kabla ya kupiga kigingi. Piga vigingi kwa kina kisichozidi sentimita 15 na uvipe majina: K1, K2, K3. Vituo vitatu visiwe katika mstari mmoja.

Pima K1–K2, K2–K3 na K3–K1, kila umbali mara mbili, kwenda na kurudi. Vipimo viwili vya umbali mmoja visitofautiane zaidi ya sentimita 2. Vikitofautiana zaidi, futikamba ililegea au iligusa kitu. Pima tena vyote viwili. Andika pia mwelekeo wa dira kutoka K1 kwenda K2, na mbele yake neno "dira", ili msomaji ajue kwamba ni kaskazini ya sumaku.

Hatua ya 7. Toa namba

Anza na kaburi lililo kaskazini-magharibi kabisa. Nenda kuelekea mashariki, rudi magharibi kwa mstari unaofuata, hadi uwanja uishe. Namba ya kwanza ni 001. Namba iandikwe ubaoni, na ubao uegemezwe ardhini mbele ya kaburi. Isiandikwe wala kubandikwa kwenye kaburi kwa chaki, rangi au gundi.

Matuta ya udongo na mawe yaliyosimikwa peke yake hupewa namba sawasawa na makaburi makubwa. Hapa vikundi vingi huteleza. Nguzo ndefu huvuta macho, na orodha inayotokana nayo huwa orodha ya matajiri tu. Aliyezikwa chini ya mawe mawili ya ufukweni naye alizikwa uwanjani humo.

Upungufu wa namna hii hauko kwenye nyanja za vijiji pekee. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na kwamba idadi hiyo ingeweza kufika 350,000. Wengi walikuwa wapagazi. Namba 014 ya tuta la udongo inakuchukua nusu dakika.

Ukaguzi: mtu wa pili ahesabu makaburi kuanzia mwisho kurudi mwanzo, bila kuangalia orodha. Hesabu zisipolingana, rudieni wote wawili.

Hatua ya 8. Pima mahali pa kila kaburi

Kwa kila pembe ya nje ya kaburi, pima umbali kutoka K1 na kutoka K2. Futikamba iwe mlalo; ardhi ikiinama, inua upande wa chini na ushushe timazi kutoka kwenye alama. Kisha chagua pembe moja ya kaburi hilo na uipime pia kutoka K3.

Ukaguzi: hapo hapo uwanjani, chora kwa bikari kwenye karatasi ya miraba, sentimita 1 kwa mita 1. Umbali wa K3 ukipishana na mchoro kwa zaidi ya sentimita 5 za ardhini, kipimo kimojawapo ni kibovu. Usigawanye tofauti ili kupata wastani. Pima upya.

Hatua ya 9. Pima kaburi lenyewe

Pima kwa mpangilio huu: urefu wa nje wa ukuta wa kaskazini, mashariki, kusini, magharibi, mishazari miwili, unene wa ukuta katikati ya kila upande, kimo cha kila pembe kutoka ardhini. Urefu wa kuta upimwe sentimita 10 juu ya ardhi, kwa kuwa msingi mara nyingi umetanuka. Ukuta uliopasuka kwa ndani hupimwa kama ulivyo leo, na neno "umesogea" huandikwa pembeni.

Makaburi ya kale si mraba kamili. Mshazari mmoja ukizidi mwingine kwa sentimita 8, andika hivyo. Kazi ya mchoro ni kuonyesha kaburi lililopo.

Sasa pima mwelekeo wa upande mrefu kwa dira. Kwenye pwani yetu Makka iko karibu kaskazini kamili, na maiti wa Kiislamu hulazwa kwa ubavu wa kulia akielekezwa kibla. Kwa hiyo kaburi hulala mashariki–magharibi, na kichwa huwa upande wa mashariki. Kaburi linalopotoka kwa zaidi ya digrii 15 liwekewe alama ya nyota kwenye fomu. Sababu yake isiandikwe. Huenda ni kosa la fundi, huenda ni la ukuta wa jirani, huenda ni la dira iliyokaribia simu. Ujaze ulichokiona tu.

Hatua ya 10. Pima nguzo bila kuipanda

Nguzo ya duara: pima mzingo kwenye kimo cha mita 1 kutoka juu ya ukuta, au chini zaidi kama ni fupi, na uandike kimo ulichotumia. Nguzo ya pembe: hesabu pembe na upime upana wa kila uso.

Kimo hupatikana kwa kivuli. Simamisha ufito wa mita 1 wima kwa timazi, mahali pa usawa, kati ya saa 2 na saa 3 asubuhi. Pima kivuli cha ufito, kisha, ndani ya dakika 2, kivuli cha nguzo kutoka chini ya katikati ya nguzo hadi ncha ya kivuli. Gawanya kivuli cha nguzo kwa kivuli cha ufito. Jibu ni kimo kwa mita, kuanzia usawa wa ardhi. Kivuli kikianguka juu ya ukuta mwingine au kwenye mteremko, njia hii haifai: ngoja saa 10 alasiri kivuli kielekee upande wa pili.

Rudia baada ya dakika 30. Majibu mawili yasipishane zaidi ya sentimita 5 kwa kila mita.

Kwa mwinamo, ning'iniza timazi kwenye ufito mbele ya kamera na upige picha ili uzi na nguzo vionekane pamoja. Fanya hivyo kutoka kusini na kutoka mashariki. Nguzo ikiwa na ufa na haikuzungushiwa kamba katika hatua ya 3, pima upana wa ufa katika sehemu tatu na uzionyeshe kwenye picha.

Hatua ya 11. Rekodi mapambo na vitundu

Chora kila uso wa kaburi wenye mapambo: paneli, vidaka, mikanda ya matumbawe yaliyochongwa. Kisha hesabu vitundu kuanzia juu kwenda chini, kushoto kwenda kulia, na ukipe kila kimoja herufi moja kati ya hizi: Z kama bakuli ni zima, V kama limevunjika na sehemu imebaki, T kama kitundu ni kitupu. Pima kipenyo na kina.

Kitundu kitupu kina habari nyingi kuliko kinavyodhaniwa. Chokaa ya ndani mara nyingi huhifadhi alama ya duara ya kitako cha bakuli, na alama hiyo hutoa ukubwa wa chombo kilichokwisha kuibwa au kuanguka. Pima duara hilo. Usikwangue chokaa ili ulione vizuri zaidi. Vigae vilivyobaki viandikwe kwa rangi inayoonekana, kwa mfano "nyeupe yenye bluu" au "kijani kibichi iliyofifia", na visipewe umri. Umri wa kaure ni kazi ya mtaalamu wa kaure. Hata akiutaja, huo ni umri wa chombo: bakuli lingeweza kukaa kabatini vizazi viwili kabla ya kupachikwa kaburini.

Rekodi pia matengenezo ya baadaye. Saruji hutambulika kwa rangi ya kijivu na ugumu wake. Ni ngumu kuliko matumbawe na huzuia unyevu kutoka, hivyo chumvi hujikusanya nyuma yake na jiwe la asili humomonyoka huku kiraka kikibaki salama. Chora mpaka wa kila kiraka. Kama mtu mahali hapo anakumbuka mwaka kilipopakwa, andika mwaka na neno "kwa mdomo".

Hatua ya 12. Nakili maandishi

Hii ndiyo hatua ya polepole kuliko zote. Itengee siku yake.

Usipake chaki, unga, mkaa wala maji ndani ya herufi. Usibandike karatasi na kuisugua kwa penseli. Matumbawe yaliyochakaa hutoka na karatasi. Tumia mwanga wa ubavuni: weka tochi sentimita chache kutoka kwenye jiwe, mwanga ukipita sambamba na uso wake, ili kila herufi itupe kivuli. Piga picha 4, tochi ikiwa kushoto, kulia, juu na chini, kamera ikiwa haijasogea hata kidogo. Mchana wenye jua kali, funika jiwe kwa kivuli cha kanga au shuka, kisha rusha mwanga wa jua kwa kioo kutoka pembeni.

Andika maandishi kwa Kiarabu kama yalivyo, mstari kwa mstari. Herufi isiyosomeka iwe nukta moja. Sehemu iliyovunjika iwe mstari wenye urefu wake kwa sentimita. Usikamilishe aya ya Kurani kwa kichwa hata kama umeihifadhi, kwa sababu fundi wa zamani huenda aliishia katikati, na hapo alipoishia ndipo tunapotaka kupajua.

Tarakimu zisomwe kwa tahadhari. Mbili na tatu hutofautiana kwa jino moja. Sifuri ni nukta, na nukta hufanana na tundu la jiwe. Tano ni duara. Mwaka ukiwa kwa maneno, Kiarabu hutanguliza mamoja, kisha makumi, kisha mamia: mwaka 802 husomwa "mbili na mia nane".

Ukaguzi: wasomaji wawili wanaojua Kiarabu wasome picha kila mmoja peke yake, bila kuonyeshana. Masomo yote mawili yaingie kwenye fomu. Yakitofautiana, yabaki yakitofautiana.

Hatua ya 13. Geuza mwaka wa Hijria

Zidisha mwaka wa Hijria kwa 0.970229, kisha ongeza 621.577. Namba nzima ni mwaka wa Miladi ambamo mwaka huo wa Hijria ulianza. Desimali zinaonyesha ulianza mapema au mwishoni.

Mfano wa kwanza ni kaburi la Gedi lenye tarehe, mwaka 802. Hesabu inatoa 1399.70. Mwaka huo ulianza Septemba 1399 na kwisha Agosti 1400. Mwezi usipojulikana, andika 1399/1400, ingawa vitabu vingi hufupisha kuwa 1399.

Mfano wa pili si kaburi, bali maandishi ya msikiti wa Kizimkazi, Unguja, ya mwaka 500. Hesabu inatoa 1106.69, lakini mwaka unaotajwa kwa haki ni 1107, kwa kuwa maandishi yanataja Dhul-Qaada, ndiyo Mfunguo Pili kwetu, mwezi wa kumi na moja. Mwezi ukiwepo, usiuache jiweni.

Andika daima miaka yote miwili, wa Hijria kwanza. Mwaka wa Miladi ulioandikwa peke yake hauwezi kukaguliwa.

Hatua ya 14. Sikiliza wenyeji

Hatua hii inakuja baada ya vipimo ili maswali yawe ya kaburi mahususi. Nenda na mzee mmoja mmoja. Wakiwa pamoja, mdogo hufuata maneno ya mkubwa. Simama naye mbele ya namba 001 na umuulize: "Hapa kuna nani?" Kisha nyamaza. Usitaje jina ulilolisoma, usitaje Washirazi, Wareno wala masultani. Swali lenye jina ndani yake hurudisha jina hilohilo.

Andika kwa maneno yake, pamoja na alivyojua: aliona, aliambiwa na babu yake, au husemwa tu. Muulize pia nani huja kuzuru na nini hakifai kufanywa. Jina lake liingie kwenye rekodi kwa idhini yake tu.

Hatua ya 15. Hakiki

Sasa toa nakala za hatua ya 2. Linganisha kaburi kwa kaburi. Tofauti ziwe za aina tatu: kilichokuwepo na sasa hakipo, kilichopo na hakikuandikwa, kipimo kinachopishana kwa zaidi ya sentimita 10. Kwa aina ya tatu rudi uwanjani upime tena kabla ya kumlaumu yeyote.

Kisha chagua fomu 1 kati ya kila 10 kwa kura, na umpe mtu ambaye hakuwa mpimaji arudie vipimo vyote vya hatua ya 9. Fomu moja ikishindwa, rudieni kazi yote ya siku hiyo iliyoandikwa juu yake.

Hatua ya 16. Tenga rekodi mbili na uzihifadhi

Rekodi ya wazi ina ramani, michoro, picha na maandishi. Rekodi iliyofungwa ina mahali hasa pa vitundu vyenye herufi Z, majina ya wazee, na chochote walichosema kisitoke. Bakuli zima lililotajwa hadharani pamoja na mahali pake ni mwaliko kwa mwizi mwenye patasi.

Picha zipewe majina kwa namba ya kaburi, upande na tarehe, kwa mfano 014-mashariki-2025-07-12. Toa nakala 3 za rekodi ya wazi: kwa mamlaka ya mambo ya kale, kwa msikiti au ofisi ya mtaa, na kwa shule ya karibu. Nakala ya msikiti au mtaa iwe ya karatasi, kwa kuwa simu zitabadilishwa na nywila zitasahaulika. Rekodi iliyofungwa iende kwa mamlaka peke yake, ndani ya bahasha iliyogongwa muhuri, na mkabidhiwaji atie sahihi.

Ng'oa vigingi, ziba mashimo yake, kusanya kamba zote. Hesabu vifaa.

Hatua ya 17. Rudi baada ya masika

Mvua zikikatika, rudi na picha za hatua ya 4 zilizochapishwa. Simama palepale, piga zilezile. Kwa kila nguzo yenye ufa ambayo haikuzungushiwa kamba katika hatua ya 3, pima tena upana wa ufa katika sehemu tatu ulizozionyesha kwenye picha katika hatua ya 10. Ufa uliotanuka kwa milimita 2 au zaidi, au nguzo iliyosogea kutoka kwenye uzi wa timazi, ipelekwe kwa mamlaka siku hiyohiyo, kwa barua yenye picha mbili: ya kabla na ya sasa, namba ya kaburi juu yake.